MAFUTA YA NAZI YAGANDAPO CHAKA: Nywele laini za mtoto katika baridi ya Nyeri

Na Mwandishi Wetu

Chupa ya mafuta ya nazi ikitoka Mombasa huwa maji matupu. Msafiri huikaza kifuniko, akaizungushia kitambaa asije akarowesha nguo za mtoto, akaitia chini kabisa ya mkoba. Akifika Chaka asubuhi ya mwezi wa Julai hukuta hakuna cha kumwagika. Mafuta yameganda, meupe pe, kama samli iliyolala nje, na hata akiipindua chupa juu chini tone halishuki. Hayakuharibika. Mafuta ya nazi huyeyuka joto lifikapo nyuzi 24 hivi, na joto hilo, ambalo mtu wa Mombasa hulipata karibu kila siku ya mwaka, Chaka ni la mchana wenye jua tu.

Kwa wasomaji wasiopajua, Chaka ni mji mdogo wa soko kando ya barabara kuu iendayo Nanyuki, ukishapita Kiganjo na kabla hujafika Naro Moru. Mashariki yake umesimama Mlima Kenya, magharibi milima ya Nyandarua, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, katika uwanda wa Kieni. Milima hiyo miwili huizuia mvua nyingi, kwa hiyo baridi ya huko si ya unyevu bali ni kavu, ya upepo na vumbi. Midomo hupasuka, miguu hupauka, na ngozi ya kichwa nayo hukauka vivyo hivyo.

Watu wetu wako huko, tena si wachache. Chuo cha polisi cha Kiganjo huita vijana kutoka kila pembe ya nchi. Kuna walimu waliohamishwa, madereva, wachuuzi wa nguo, na wanawake walioolewa na waume wa bara au waume wa pwani walioajiriwa bara. Majengo ya Nyeri na Majengo ya Nanyuki ni mitaa ya Waislamu tangu zamani, ambako Kiswahili na adhana si mambo mageni. Lakini mwanamke aliyezoea kuwa na shangazi, somo na jirani wa kumshikia mtoto, akijikuta Chaka katika chumba cha kupanga, hana wa kumuuliza isipokuwa kwa simu.

Na jambo analouliza huonekana dogo. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu, au miwili, au mitatu. Nywele zake ni laini kama uzi wa buibui, na kila kukicha zimefungamana kisogoni donge moja. Akiguswa na kitana hulia hata majirani wakabisha hodi. Mama huchoka, akamwacha timutimu siku tatu, na siku ya nne fundo limekuwa gumu kuliko lilivyokuwa. Mwisho huchukua wembe. Tungekuwa na haki ya kulipuuza jambo hili lau lingeishia hapo, lakini haliishii hapo. Ndani yake mna maneno ya wakwe, mna fahari na dharau za pwani juu ya nywele, na mara nyingine mna dalili ya maradhi ambayo watu huisifu badala ya kuiogopa.

KAMA SUFU YA KONDOO

Unywele ukitazamwa kwa hadubini si laini kama uzi wa nailoni. Umefunikwa na magamba membamba yaliyopangana kama makuti juu ya paa, yote yakielekea nchani. Ukipitisha kidole kutoka ngozini kwenda nchani magamba hulala. Ukirudisha kidole nyuma husimama na kushikana na ya unywele wa jirani. Nywele za mtoto ni nyembamba kuliko za mtu mzima, hazina uzito wa kujilaza zenyewe, na mwenye nazi hizo hatulii: hugaagaa, husugua kichwa mtoni akitaka usingizi, hujipaka uji na mkono uleule akaupeleka utosini.

Sasa mvike mtoto huyo boshori ya sufu, kama wavaavyo watoto wote wa Nyeri kuanzia mwezi wa Juni hata wa Agosti. Sufu nayo ina magamba, tena makali zaidi. Kila mtoto ageuzapo kichwa ndani ya boshori, magamba ya sufu huyashika ya nywele. Hewa nayo ikiwa kavu, msuguano huzaa umeme kidogo. Ndiyo maana boshori ikivuliwa nywele husimama kama zimeona jini. Blanketi la usiku hufanya kazi ileile kwa saa kumi.

Wanaolijua hili kwa mikono yao ni wanawake wa Nanyuki, mwendo mfupi kutoka Chaka. Huko kuna chama cha Nanyuki Spinners and Weavers, kilichoanzishwa mwaka 1977, ambacho wanawake wake hununua sufu ya kondoo, wakaisokota na kufuma mazulia na mablanketi. Hakuna asokotaye sufu kabla ya kuichambua kwa brashi zenye meno ya waya, mpaka kila uzi ulale upande mmoja. Na hakuna afuaye sufu kwa maji ya moto na kuifikicha, maana ikilowa na kufikichwa huganda ikawa kitu kimoja kama mswala, wala haifumuki tena. Mama aoshaye kichwa cha mtoto kwa kukifikicha kwa mikono miwili, kama afuaye kanzu, anafanya kosa lile ambalo msokotaji wa Nanyuki hawezi kulifanya kwa sufu yake.

Kuna sababu ya pili ya fundo, nayo ni nywele zilizokufa. Mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku, na mtoto pia hupoteza zake. Zikichanwa huondoka, zisipochanwa hubaki zimenasa kati ya zile hai, na kuwa kamba ya kuzifungia. Nyeri wanalo kumbukumbu lake la jambo hili. Field Marshal Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni Nyandarua na kutoka uhuru ulipopatikana mwaka 1963, alizitunza nywele alizotoka nazo msituni kwa karibu miaka 70. Zilikuwa zimefungamana zikafika chini ya kiuno, na hakuna aliyezigusa mpaka Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipomnyoa mbele ya watu, mjini Nyeri. Muthoni alifariki Septemba 2023. Zake zilikuwa nywele za nadhiri na za historia. Mtoto wa miaka miwili hajaweka nadhiri yoyote, basi usimwachie.

"MNYOENI TU"

Ajabu ni kwamba katika jambo hili nyanya wa Lamu na nyanya wa Kieni, ambao hawakubaliani kuhusu chakula wala mavazi wala jina la mtoto, husema neno moja: mnyoeni. Bara mtoto mwenye kichwa safi kilichonyolewa ni mtoto aliyetunzwa. Pwani nako tumezoea wembe tangu siku ya saba.

Tulitazame vizuri. Kunyoa siku ya saba, pamoja na akika na kumpa mtoto jina, ni sunna inayojulikana, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hainyimwi binti. Imepokewa kwamba Bibi Fatma alipima nywele za wanawe, wa kiume na wa kike, akatoa sadaka fedha kwa uzito wake. Lakini hiyo ni siku ya saba. Mtoto akishavuka hapo, kunyoa ni ruhusa tu wala si wajibu, na mama asiyetaka kumnyoa binti wa miaka miwili asitishwe kwa dini.

Kilichokatazwa ni kingine, na ndicho kinachofanywa sana siku hizi: kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Ibn Umar amepokea katazo hilo, na mafunzo yake ni kwamba kichwa ama kinyolewe chote ama kiachwe chote. Mama aliyeshindwa na fundo la kisogoni akalikwangua peke yake, akaacha kishungi mbele kwa kuwa kinapendeza, amerudi kwenye denge la wazee wa zamani bila kujua. Kukata kwa mkasi fundo moja lililoshindikana, na nywele zikabaki mahali pake, si kunyoa kwa wembe. Wala haifai mama kulala na dhiki kwa hilo.

Wanaotaka kuona huruma inayoweza kuwamo katika wembe na wakumbuke habari ya watoto wa Jaafar bin Abi Talib. Jaafar alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwangoja watu wake siku tatu, kisha akawaita watoto, akaagiza kinyozi, wakanyolewa. Baadhi ya wafasiri wa hadithi wameeleza kwa nini: mama yao, Asma binti Umays, alikuwa katika msiba wa mumewe, hakuwa na moyo wa kukaa kuwachana, ikahofiwa wasiingiwe na uchafu na chawa. Kwa hiyo mama aliye peke yake Chaka, aliyejifungua tena, au mgonjwa, au anayeamka saa kumi kwenda sokoni, akiamua kumnyoa mwanawe mpaka apate nafasi, hana la kujitetea mbele ya yeyote.

Ila asimnyoe kwa kudhani nywele zitarudi nene. Imani hii imeenea kila mahali, pwani na bara, Uhindini na Ulaya. Mwaka 1928 Mmarekani Mildred Trotter alilichunguza jambo hili, akaona wembe haubadilishi unene wala kasi ya nywele. Shina la unywele liko chini ya ngozi, na wembe haulifikii. Unywele uliokatwa huwa na ncha butu, ndiyo maana ukipapasa kichwa kilichoanza kuota huhisi ugumu. Nywele za watoto hunenepa kwa umri. Aliyenyolewa na ambaye hakunyolewa hufika pamoja.

ANZA NCHANI

Aliyeamua kuzitunza asianze asubuhi. Asubuhi ya Chaka ni ya uji na boshori. Kazi hii ni ya saa saba au nane mchana, jua likiwa limetulia, mtoto ameshiba na hajaanza kuchokachoka. Wala asifikirie kumkaushia kichwa kwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Moshi usioonekana wa makaa umeshaua watu wazima wakiwa usingizini katika baridi ya bara, seuze mtoto. Kama hakuna jua, ngoja kesho. Nywele chafu hazijamuua mtu.

Mafuta yaliyoganda yatie chupa yake ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, hayahitaji moto. Mafuta haya yana sifa yake. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Mumbai, Rele na Mohile, walichapisha uchunguzi wao uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakaona ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa sababu huweza kupenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu. Ni haki msomaji aelezwe kwamba wawili hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni iuzayo mafuta ya nazi. Hata hivyo nyanya zetu hawakuuza kitu, na wamesema hivyohivyo.

Paka kidogo, ncha zaidi kuliko shina. Kisha rowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu mpaka kiwe na unyevu bila kuchuruzika. Kwa nywele za kujikunja, usizichane kamwe zikiwa kavu. Tia maji na kondishona ya kuteleza ndipo uanze. Kwa nywele za kunyooka jihadhari na kinyume chake: zikiwa chepechepe huvutika kama mpira na kukatika, basi zikamue kwa kitambaa, ungoje kidogo, ndipo uchane.

Sasa uketi. Mtoto asisimamishwe mbele yako kama mshitakiwa. Mpakate, mgongo wake kifuani kwako, mikono yake ukiipa shughuli. Ganda la mhindi, kifuniko cha sufuria, chanuo la pili amchane mwanasesere. Gawa kichwa mafungu manne, matatu uyabane, uwe na moja. Fundo lishike kwa vidole vya mkono wa kushoto kati ya fundo lenyewe na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako usifike kichwani. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalifanyi, na ndilo litoalo kilio. Mtoto halii kwa sababu ya kitana, analia kwa sababu ngozi yake inavutwa.

Kisha anza nchani. Lifumue fundo kwa vidole, uzi baada ya uzi, ukilitanua kwa ubavu. Vidole vikishapita ndipo chanuo lenye meno mapana lipite, tena sentimita mbili za mwisho tu. Zikifunguka panda juu kidogo, mpaka ulifikie shina. Anayeanza utosini akavuta kwenda chini hukusanya mafundo kumi akayafanya moja. Kitana chenye meno ya karibu kiache kwa ajili ya kusaka chawa.

Lipo fundo litakaloshinda yote hayo. Lipake mafuta, uliache nusu saa, mtoto akacheze. Likikataa tena, chukua mkasi mdogo na uukate urefuni, kufuata nywele zinakoelekea, wala si kwa kukingama. Fundo litagawanyika vipande viwili vitatu ambavyo vitafumuka, na utapoteza nywele chache badala ya kishungi kizima. Kwa mwezi nywele huota karibu sentimita moja.

Kuosha nako kuna lake. Maji mengi ya visima vya pwani ni ya chumvi na sabuni haitoi povu. Maji ya mito ishukayo Mlima Kenya ni laini, na sabuni ileile hutoa povu jingi na kuteleza kichwani hata umwage kata tano. Basi tumia sabuni kidogo, iliyo ya watoto, usitumie kipande cha kufulia, ambacho huyainua yale magamba na kuyaacha yamesimama. Mimina maji yakishuka upande mmoja, kutoka utosini kwenda kisogoni. Mara moja kwa wiki yatosha nywele za kujikunja. Za singa zitataka mara mbili au tatu.

Ukishamaliza zifunge. Misuko miwili mitatu iliyolegea, hata ile tuliyoiita twende kilioni, ambayo husukwa haraka haraka mtu akitaka kutoka, ni bora kuliko kuziacha wazi. Na boshori usiivue mtoto akapigwa na baridi. Ishonee kitambaa cha atlasi kwa ndani. Foronya ya mto ifanye vivyo hivyo. Atlasi haina magamba, nywele huteleza juu yake. Kwa mtoto asiyefika mwaka usiweke mto wala kitambaa cha kichwani kitandani kabisa, maana huweza kumziba pumzi.

SINGA NA KIPILIPILI

Hatuwezi kuandika habari za nywele kwa wasomaji wa pwani tukajifanya hatujui lisemwalo vibarazani. Mtoto akizaliwa hutazamwa rangi ya masikio na aina ya nywele. Za singa husifiwa, husemwa mtoto amevuta kwa babu zake. Za kipilipili hunyamaziwa, au hutolewa udhuru: zitalainika. Mtoto wa baba wa Lamu na mama wa Chaka hupimwa kwa mizani hiyo kila aletwapo likizo, na mama yake husimama pale akisikia.

Ukweli ni kwamba nywele za watoto wengi wachanga, wa kila kabila, huwa laini mwanzoni, na nyingi hudondoka katika miezi ya kwanza. Aina halisi hujionyesha polepole, pengine hata baada ya miaka miwili au mitatu. Anayemsifu mtoto wa miezi minne kwa nywele zake anasifu mgeni aliye njiani kuondoka. Na unywele wa kipilipili si unywele mbaya. Umejisokota, na ukikatwa kitako chake ni bapa kidogo badala ya duara. Mafuta ya ngozi hayawezi kuteremka kwenye misokoto hiyo mpaka nchani, kwa hiyo hukauka mapema. Unachohitaji ni unyevu na mkono mwepesi.

Dharau hii ina gharama. Ndiyo inayomfanya mama ampake mtoto wa miaka mitatu dawa ya kunyoosha nywele, ambayo baadhi yake ina magadi makali ya kuweza kuunguza ngozi na kupofusha jicho. Ndiyo inayomfanya amsuke kwa kukaza hata nyusi zikainuka, ili nywele zionekane zimelala. Misuko ya namna hiyo ikirudiwa rudiwa huzing'oa nywele za panjani, mwanzo kwa vipele vidogo, mwisho kwa upara usiorudi. Mtoto akijikuna na kulia usiku wa kwanza baada ya kusukwa, fumua usiku huohuo.

Na tusisahau hina. Kwa mwanamke mzima hina safi ya majani ni pambo na tiba ya nywele. Kwa mtoto mchanga ni habari nyingine. Wapo wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu wa kurithi ulioenea sana katika nchi za malaria, pwani yetu ikiwamo. Mtoto wa namna hiyo akipakwa hina, ngozi yake nyembamba huinyonya, chembe nyekundu za damu zikavunjika, akageuka manjano. Madaktari wa nchi za Ghuba wameandika habari za watoto waliofikishwa hospitali kwa sababu hiyo, na wengine walikufa. Hakuna amjuaye mwenye upungufu huo kwa kumtazama.

NYWELE ZA KUANGALIWA

Ukiwa unamchana mtoto, angalia ngozi. Mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi, ni mashilingi, ambayo wengine huyaita choa. Huambukizwa kwa machanuo, kofia na mashine za vinyozi zisizosafishwa. Kumnyoa hakumponyi, wala mafuta ya kupaka hayafiki shinani mwa nywele. Hutakiwa dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, na dawa hiyo hutolewa na daktari. Mengine yakiachwa huvimba na kutunga usaha, na nywele za hapo zisiote tena.

Kama ndani ya nyumba yumo pia mtoto wa miezi mitatu minne, kuna jambo ambalo mama wa pwani, aliyezoea watoto wa miguu mitupu, huenda hakuwahi kuliona. Miezi michache baada ya kujifungua nywele za mama mwenyewe hudondoka kwa wingi. Unywele mmoja huingia ndani ya soksi ya mtoto, nao watoto wa Chaka huvaa soksi usiku na mchana, ukajizungusha kwenye kidole cha mguu na kukikaza mpaka kikavimba na kugeuka rangi. Mtoto hulia bila kukoma na watu humpa dawa ya chango. Kwa hiyo mtoto akilia bila sababu, mvue soksi na glavu, uzigeuze ndani nje, uangalie vidole kimoja kimoja. Ukikuta unywele umezama katika ngozi, mpeleke hospitali mara moja. Kidole hufa kwa kukosa damu.

La mwisho ni lile ambalo tumesema watu hulisifu. Nywele za mtoto aliyeachishwa ziwa zikianza kulainika kuliko zilivyokuwa, misokoto ikanyooka, rangi ikageuka wekundu, na zikawa zang'oka kwa kuguswa tu bila maumivu, hizo si singa. Ni unyafuzi, ambao wengi wetu tumeuzoea kwa jina la kwashakoo. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, ndiye aliyeueleza ulimwengu wa madaktari mwaka 1933 akiwa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, na jina alilitwaa kwa wenyeji wa huko, ambao kwa lugha yao ya Kiga walimaanisha maradhi yampatayo mtoto wa kwanza anapozaliwa wa pili. Ziwa hupewa mdogo mtu, na mkubwa hulishwa wanga.

Kieni ni nchi ya viazi, kabichi, karoti na vitunguu, na mtoto anaweza kushinda amejaza tumbo viazi vya kuponda na chai ya maziwa machache, mashavu yakavimba, watu wakasema amenenepa. Mashavu hayo ni maji. Bonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Pakibaki shimo miguu yote miwili, usingoje kesho. Maharagwe, mayai, maziwa, samaki wa omena wanaopatikana sokoni, vyote ni vya kumlisha mtoto mzima asifike huko. Aliyekwisha kufika atibiwe kwanza hospitali, maana kumshindilia chakula ghafla ni hatari pia.

Kliniki hutumia mkanda wa rangi tatu kumpima mtoto wa miezi 6 hadi 59 unene wa mkono wa juu wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, nayo maana yake ni utapiamlo mkali. Mwenye kuvimba miguu huhesabiwa hivyo hata mkanda ukionyesha kijani. Kupima huko hakufiki dakika moja, na watoto wengi hawalii.